Gazeti Dogo Laweza Kupata Tuzo Kubwa



Siku ya Wakulima, yaani Nane Nane, wakulima na wafugaji hodari hupewa zawadi. Mmoja hupata cheti, mwingine hupata pampu ya kunyunyizia dawa. Hakuna anayeshangaa. Mtu akilima vizuri, na wenzake wakaliona shamba lake, ni haki asifiwe.

Sasa tuulizane: na mwandishi wa gazeti je? Yeye katika kazi yake halimi mahindi wala pamba. Mavuno yake ni maneno. Je, kuna watu wanaoipima kazi hiyo na kusema hii ni bora, ile siyo? Na wakiipima, wanatumia pishi gani?

Wapo watu hao. Katika nchi nyingi ziko tuzo za magazeti zinazotolewa kila mwaka. Baadhi ya washindi ni magazeti makubwa ya miji mikubwa. Lakini wengine ni magazeti madogo ya wilaya, yanayosomwa na wakulima, wachuuzi na walimu wa sehemu moja tu.

Leo tutaeleza habari za tuzo moja ya nchi ya Marekani, iitwayo Tuzo ya Pulitzer. Tutatazama jinsi magazeti ya sehemu za mbali yalivyoipata: yaliandika nini, na kwa nini yalichaguliwa. Halafu tutaona jambo hilo linatuhusu vipi sisi tunaosoma.

TUZO HII ILITOKA WAPI?

Joseph Pulitzer alizaliwa mwaka 1847 katika mji wa Makó, nchi ya Hungaria. Mwaka 1864, akiwa kijana wa miaka 17, alivuka bahari kwenda Marekani. Wakati huo Wamarekani walikuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe, naye akaingia jeshini. Kiingereza alikijua kidogo sana.

Vita vilipokwisha, kijana huyu hakuwa na kazi. Akaenda mji wa St. Louis, akafanya vibarua vya kila namna. Alitunza nyumbu. Aliandalia watu chakula hotelini. Lakini kila alipopata nafasi alikwenda maktaba kujisomea Kiingereza na sheria. Tunaona basi kwamba naye alijifunza lugha ya kazi yake akiwa mtu mzima, baada ya jasho la mchana.

Mwaka 1868 alipata kazi ya uandishi katika gazeti la Kijerumani mjini humo. Miaka 10 baadaye alinunua gazeti, na mwaka 1883 akanunua lingine kubwa mjini New York, lililoitwa World. Akawa tajiri.

Lakini tusimfanye malaika. Katika miaka ya 1890 gazeti lake lilishindana vikali na gazeti la mpinzani wake. Yote mawili yalizitia habari chumvi ili yanunuliwe zaidi. Basi mtu huyohuyo aliyejua jinsi gazeti linavyoweza kuharibika, ndiye aliyeacha fedha ili waandishi wafundishwe na wazuri watuzwe. Alikufa mwaka 1911. Fedha zake zilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Shule ya waandishi ilifunguliwa mwaka 1912, na tuzo za kwanza zilitolewa mwaka 1917. Zinaendelea mpaka leo.

WAAMUZI HUFANYAJE KAZI?

Tuzo hii haipigiwi kura barabarani, wala hatafutwi mtu anayependwa na watu wengi. Utaratibu wake uko hivi.

Kwanza, gazeti lenyewe hupeleka kazi zake na kulipa ada. Kila mwaka hupelekwa kazi za uandishi wa habari zaidi ya 1,000. Kazi hizo hugawanywa katika mafungu. Liko fungu la habari za upelelezi, fungu la habari za mahali, fungu la picha, na mengineyo. Kwa miaka mingi lilikuwako pia fungu la tahariri. Tahariri ni yale maandishi ambamo gazeti hutoa maoni yake lenyewe.

Pili, kila fungu hupewa kamati ya waamuzi. Hao ni wahariri, waandishi na walimu wenye uzoefu. Wao husoma kila kitu, kisha huchagua kazi tatu.

Tatu, Baraza la Tuzo hukutana na kupiga kura ili kumpata mmoja katika wale watatu. Kama mjumbe ana uhusiano na gazeti linalojadiliwa, hutoka nje ya chumba. Haifai mtu kuwa mchezaji na mwamuzi kwa wakati mmoja, si ndiyo?

Na kama Baraza halikuridhika, laweza kukataa kumpa mtu yeyote. Mwaka 2012, kwa mfano, fungu la tahariri halikupata mshindi.

Mshindi hupata nini? Tangu mwaka 2017 mshindi wa fungu la kawaida hupata dola 15,000. Lakini fungu la heshima kuliko yote ni lile la utumishi kwa umma. Hilo hutolewa kwa gazeti lenyewe. Halina fedha. Zawadi yake ni nishani ya dhahabu.

Haya, sasa tutazame washindi.

TABOR CITY: WENYE KUFICHA NYUSO

Tabor City ni mji mdogo katika jimbo la North Carolina. Mwaka 1946 kijana mmoja, W. Horace Carter, alianzisha huko gazeti lililotoka mara moja kwa wiki. Liliitwa Tabor City Tribune.

Mwezi Julai 1950 msururu wa magari ulipita katikati ya mji. Ndani yake walikuwamo watu waliovaa kanzu na kofia za kuficha nyuso. Lilikuwa kundi la siri la watu weupe liitwalo Ku Klux Klan. Kundi hilo lilikuwa likiwatesa watu weusi kwa miaka mingi. Katika wilaya ile liliwatoa watu majumbani usiku na kuwachapa viboko. Wengine walikuwa weusi, na wengine walikuwa weupe ambao kundi liliwaona eti wamekosa.

Carter alikuwa na miaka 29. Angeweza kunyamaza. Watu wa kundi lile walikuwa wasomaji wake, majirani zake, na wateja wa maduka yaliyompa matangazo. Lakini aliandika tahariri kulipinga kundi hilo, na hakuandika mara moja akaacha. Kwa muda wa miaka mitatu alichapa habari na tahariri zaidi ya 100. Aliandika nani kapigwa, wapi, siku gani. Vitisho vilikuja. Katika mji wa jirani wa Whiteville mhariri mwingine, Willard Cole wa gazeti la News Reporter, naye aliifanya kazi hiyohiyo.

Hatimaye polisi wa jimbo na wa serikali kuu waliingia kazini. Zaidi ya watu 100 wa kundi hilo walitiwa hatiani. Kiongozi wao, Thomas Hamilton, alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 1952. Mwaka 1953 magazeti hayo mawili yalipewa nishani ya dhahabu ya utumishi kwa umma. Magazeti madogo kama hayo, yasiyotoka kila siku, yalikuwa hayajapata kupewa nishani hiyo.

Jambo la kuangalia hapa ni kwamba Carter hakuandika juu ya uovu wa nchi ya mbali. Aliandika juu ya uovu wa mlangoni kwake, akiwajua wanaoutenda, nao wakimjua anapolala.

STORM LAKE: MAJI NA MBOLEA

Mfano wa pili unawahusu hasa wakulima, kwa hiyo tutaueleza kwa urefu.

Katika jimbo la Iowa, katikati ya Marekani, uko mji uitwao Storm Lake. Watu wake ni kama 11,000. Mwaka 1990 John Cullen alianzisha huko gazeti, na ndugu yake Art Cullen akawa mhariri. Mke na mtoto wa Art nao walifanya kazi humo. Gazeti lilitoka mara mbili kwa wiki, nakala zipatazo 3,000. Kwa Marekani hilo ni gazeti dogo sana.

Iowa ni nchi ya mahindi, soya na nguruwe. Watu wa jimbo ni milioni tatu na kidogo, lakini nguruwe ni zaidi ya milioni 20. Mashamba hutiwa mbolea nyingi, ya chumvichumvi na ya samadi. Chini ya udongo yamelazwa mabomba ya kutoa maji yanayozidi shambani. Maji hayo huingia mitaroni, na kutoka mitaroni huingia mtoni.

Tatizo liko hapo. Sehemu ya mbolea ambayo mahindi hayakuila hugeuka kuwa naitreti, na naitreti huyeyuka katika maji. Huwezi kuiona kwa macho. Maji yaweza kuwa maangavu kama kioo na bado yakawa nayo. Sheria ya Marekani inataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 10 za naitreti kwa lita, kwa kipimo chao. Sababu ni watoto wachanga. Naitreti ikizidi katika maji anayonyweshwa mtoto, damu yake hushindwa kuchukua hewa safi vizuri. Ngozi yake hugeuka rangi kama ya buluu, na aweza kufa. Na kuyachemsha maji hakuiondoi naitreti. Maji hupungua kwa mvuke, naitreti hubaki sufuriani.

Mto Raccoon hutoka sehemu za Storm Lake ukateremka mpaka Des Moines, mji mkuu wa jimbo. Mwaka 2015 mamlaka ya maji ya mji huo ilikuwa ikiwapa maji watu wapatao 500,000. Naitreti ikizidi mtoni, mamlaka hulazimika kuwasha mtambo maalumu wa kuiondoa, na mtambo huo hugharimu maelfu ya dola kwa siku. Basi mwaka 2015 mamlaka hiyo iliwashitaki viongozi wa wilaya tatu za juu ya mto, ikiwamo wilaya ya Storm Lake. Ilisema: mitaro ni yenu, uchafu unatoka kwenu, na sisi ndio tunaolipa.

Viongozi wa wilaya waliajiri mawakili wa bei kubwa. Kumbe fedha za mawakili hazikutoka katika kodi ya wananchi. Kuna watu waliokuwa wakizichanga. Ni nani hao? Viongozi hawakutaja.

Hapo ndipo gazeti dogo lilipouliza. Art Cullen aliandika tahariri baada ya tahariri, na mwanawe akafuatilia habari. Hawakusema kwamba wakulima ni wabaya. Wasomaji wao ndio wakulima. Waliuliza mambo mawili tu. Kwanza, nani anayelipa kesi ya serikali yetu, naye anataka nini? Pili, je, ni kweli kwamba maji yetu ni machafu, na kama ni kweli, tutayasafishaje?

Likisaidiwa na chama kinachotetea haki ya wananchi kupata habari za serikali, gazeti lilidai nyaraka. Lilishika sheria isemayo kwamba karatasi za serikali ni mali ya wananchi. Nyaraka zilipotolewa zilionyesha jinsi makundi yenye maslahi katika kilimo yalivyokuwa yakichangia kesi hiyo kwa siri.

Fikirini, ndugu zangu. Mtu akikulipia wakili, je, wakili huyo atasema yako au atasema yake? Wananchi wa wilaya ile walikuwa na haki ya kujua.

Mwezi Machi 2017 jaji alitupilia mbali kesi ya mamlaka ya maji. Alisema kwamba jambo hilo ni la watunga sheria wa jimbo kulitatua. Mwezi uliofuata, Aprili 2017, ilitangazwa kwamba Art Cullen wa Storm Lake ameshinda Tuzo ya Pulitzer kwa tahariri zake.

Msichanganye mambo hayo mawili. Tuzo ilipatikana, lakini mto haukusafishwa. Tuzo haikutolewa kwa sababu upande fulani ulishinda mahakamani. Ilitolewa kwa sababu gazeti liliwapa wananchi ukweli waliofichwa, tena likiwa na ushahidi mkononi.

CHARLESTON: HESABU YA VIDONGE

Mwaka huohuo wa 2017 gazeti jingine la mikoani lilipata tuzo, katika fungu la habari za upelelezi. Ni gazeti la Gazette-Mail la mji wa Charleston, jimbo la West Virginia. Hiyo ni nchi ya milima na migodi ya makaa ya mawe, na watu wake wengi ni maskini.

Katika jimbo hilo watu walikuwa wakifa kwa kumeza vidonge vikali vya kutuliza maumivu. Mwenye kuvizoea hushindwa kuviacha, kama mlevi. Kila mtu alijua kwamba vidonge ni vingi. Lakini ni vingi kiasi gani? Na nani aliyevileta?

Mwandishi Eric Eyre hakutosheka na maneno ya “inasemekana”. Gazeti lilikwenda mahakamani kuomba karatasi zilizokuwa zimefungwa zifunguliwe. Eyre alipata hesabu, akaketi akajumlisha. Katika muda wa miaka sita, makampuni ya kusambaza dawa yalikuwa yameingiza katika jimbo hilo vidonge milioni 780. Jimbo lenyewe lina watu wasiofika milioni mbili. Ukivigawa, kila mtu, pamoja na mtoto mchanga, angepata vidonge zaidi ya 400. Katika muda huohuo watu 1,728 walikufa kwa kuzidisha dawa za aina hizo mbili alizozihesabu. Kijiji kimoja kiitwacho Kermit kilikuwa na watu 392. Duka moja la dawa mahali hapo lilipokea karibu vidonge milioni 9 katika miaka miwili.

Tazameni jinsi hesabu inavyosema. Mtu akisema “vidonge vimezidi”, mwenye kampuni atajibu, “Wewe unachukia biashara yetu.” Mtu akisema “vidonge milioni 9 kwa kijiji cha watu 392”, atajibu nini? Ndiyo maana katika madarasa yetu ya kisomo tunafundisha kusoma, kuandika na KUHESABU. Hesabu ni silaha ya mnyonge.

TUZO HAILIPI DENI

Sasa tuseme ukweli wa upande wa pili. Tuzo ni heshima, lakini haipiki ugali.

Gazeti la Charleston lilipata tuzo mwezi Aprili 2017. Mwezi Januari 2018, hata mwaka haujatimia, liliomba mahakama ilitangaze kuwa limefilisika. Madeni yalikuwa yamelizidi. Baadaye lilinunuliwa na kampuni nyingine na likaendelea kutoka. Gazeti la Storm Lake nalo lilipata shida mwaka 2020, wakati ugonjwa wa korona ulipofunga biashara na matangazo yakakatika. Wasomaji wake walichanga fedha lisife. Mwaka 2022 liliungana na gazeti jingine la mji huohuo.

Tunajifunza kwamba waamuzi hulisifu gazeti mara moja, lakini anayeliweka hai ni msomaji anayelinunua.

Tena, tuzo yaweza kumpotosha mtu. Mwaka 1980 mwandishi wa gazeti kubwa la Washington Post, Janet Cooke, aliandika habari ya kusikitisha ya mtoto wa miaka 8 aliyekuwa akidungwa madawa ya kulevya. Watu walilia. Serikali ya mji ilimtafuta mtoto huyo kila mahali isimwone. Mwezi Aprili 1981 mwandishi akapewa Tuzo ya Pulitzer. Siku chache tu baadaye ilijulikana kwamba mtoto huyo hayuko. Mwandishi alimbuni. Tuzo ilirudishwa, na mwandishi akaacha kazi.

Kumbe hata waamuzi wazoefu hudanganyika. Habari ile ilikuwa tamu kusoma, lakini wahariri wake hawakusisitiza kuuliza, “Mtoto huyu anakaa nyumba gani? Nani mwingine amemwona?” Uzuri wa maneno si ushahidi.

NA KWETU JE?

Kwetu Tanzania nako tuzo za waandishi zipo. Mwaka 2009 zilianzishwa Tuzo za Umahiri wa Uandishi wa Habari Tanzania, ambazo wengi huziita kwa kifupi EJAT. Baraza la Habari Tanzania liliziandaa likishirikiana na vyama na taasisi nyingine. Waandishi wa magazeti, redio na televisheni wamepeleka kazi zao humo, na kati ya mambo yaliyoshindaniwa ni habari za kilimo, afya, elimu na mazingira. Hayo ni mambo ya kila siku ya kijijini.

Mwandishi hupata wapi habari za namna hiyo? Hazioti ofisini kwake mjini. Hutoka kwa mama aliyeona kisima kimebadilika rangi. Hutoka kwa mzee anayekumbuka mto ulikuwa unapita wapi. Hutoka kwa mkulima aliyeweka risiti ya mbolea na tarehe aliyoipokea. Bila watu hao mwandishi hana cha kuandika, na waamuzi hawana cha kutuza.

MSOMAJI NI MWAMUZI WA KWANZA

Sisi hatukai katika Baraza la Tuzo. Lakini kila tunapofungua gazeti tunaamua: hii nitaiamini, hii sitaiamini. Tukizitazama zile kazi zilizoshinda, na ile moja iliyorudishwa, twaweza kupata vipimo vitano. Vitumieni kwa gazeti lolote, hata hili mlilolishika.

1. Nani amesema? Habari nzuri hutaja aliyesema, na alijuaje. “Watu wanasema” haitoshi.

2. Ushahidi uko wapi? Ni karatasi, ni hesabu, ni mtu aliyeona kwa macho yake, au ni uvumi?

3. Upande wa pili umesikilizwa? Anayelaumiwa naye apewe nafasi ya kujibu.

4. Nani anafaidika na nani anaumia? Kumbukeni wale waliolipa mawakili kwa siri.

5. Je, mwandishi alirudi tena? Carter aliandika zaidi ya mara 100. Jambo kubwa haliishi kwa habari moja.

Vipimo hivihivi vinafaa unapotaka kuandika barua kwa mhariri. Usiandike tu, “Maji ya kijiji chetu ni mabaya, viongozi hawatujali.” Andika hivi: kisima ni kipi, kilichimbwa mwaka gani, pampu iliharibika tarehe gani, nani alipewa taarifa, alijibu nini, na kaya ngapi zinachota hapo. Barua ya kwanza ni malalamiko. Barua ya pili ni habari. Mhariri akiipata ya pili, anaweza kwenda kuuliza. Akiipata ya kwanza, atasikitika tu.

Na jambo la kusema kweli lina gharama. Kwa hiyo shauri letu ni hili: msimwache mtu mmoja peke yake. Kama jambo ni la kijiji, jadilianeni kwanza katika kikundi. Hakikisheni hesabu zenu. Andikeni pamoja na kutia sahihi pamoja. Asitajwe mtu kwa chuki, wala asisingiziwe mtu. Andikeni mlichokiona na mnachoweza kukionyesha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini gazeti la Storm Lake lilipewa tuzo ingawa mto haukusafishwa?

2. Vidonge milioni 9 viligawiwe watu 392. Kila mmoja angepata vingapi? Fanyeni hesabu hiyo ubaoni.

3. Habari ya mtoto wa miaka 8 iliwaliza watu wengi. Kwa nini ilikuwa habari mbaya?

4. Maji mnayokunywa yanatoka wapi? Nani yuko juu yenu, na nani yuko chini yenu katika mto huo? Mnatia nini mashambani mwenu?

5. Chagueni jambo moja la kijiji chenu linalofaa kuandikwa gazetini. Andikeni barua yenye vipimo vitano. Someaneni kwa sauti, kisha msahihishane kabla ya kuipeleka posta.